Nyanya za Nyumba ya Dobi

Nyumbani kwetu siku ilianza kwa ndoo. Kabla sijamaliza kupiga mswaki, mama alikuwa ameshazipanga uani: ya kulowekea, ya sabuni, ya dawa, na mbili za kusuuzia. Mama ni dobi, na si dobi wa kubahatisha. Shuka za nyumba ya wageni na foronya za zahanati zote zilipita mikononi mwake. Watu wa mtaani walisema shuka zikitoka kwa mama zinaumiza macho kwa weupe. Najua walikuwa wanatia chumvi, lakini nilipenda sana kuwasikia.

Kazi yangu ilikuwa kupima dawa. Ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ni kali. Ikikudondokea kwenye sketi ya bluu, sketi hiyo haitakuwa ya bluu tena. Kipimo chake kilikuwa kifuniko cha chupa: kifuniko kimoja kwa ndoo ya foronya, viwili kwa ndoo ya shuka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwahi kukosea. Mama alinipa sharti moja tu, kwamba chupa ile isifunguliwe yeye akiwa hayupo.

Kisha ule ugonjwa wa mapafu uliosambaa duniani ukaingia. Shule zikafungwa. Baba, dereva wa lori, akakwama mpakani na mzigo wake, tukabaki watatu: mama, mimi, na babu mzaa mama. Babu alikuwa fundi saa mstaafu, mzee wa maneno mengi na pumzi chache, kwa sababu ana pumu. Kila siku redioni walisema wazee wenye vifua dhaifu ndio walio hatarini zaidi. Nilikuwa nikimtazama babu akipuliza chai yake, nikaapa kimoyomoyo kwamba ugonjwa huo hautavuka kizingiti chetu.

Basi nikajipa cheo. Niliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na hakuna aliyepita bila kunawa, hata mama mwenyewe. Babu akaniita Bibi Afya. Asubuhi akitaka kukohoa kidogo tu, alininyooshea mkono kama mwanafunzi, akiomba ruhusa.

Matatizo yalianzia kwenye simu. Mshonaji, jirani yetu, alimtumia mama video ya mtu aliyevaa glavu, akisugua vitunguu, viazi na hata pakiti za unga kwa maji ya dawa. Nilimuuliza mama kwa nini na sisi tusifanye hivyo. Alisema alishauliza zahanati alipopeleka foronya, wakamwambia kunawa mikono ukitoka sokoni na kuosha mboga kwa maji safi kunatosha. Jibu hilo halikuniingia akilini. Mama ambaye hawezi kusamehe doa dogo kama sisimizi kwenye shuka, anawezaje kuniambia kwamba kwa nyanya maji matupu yanatosha?

Nikaanza kufanya kwa siri. Mama akitoka kupeleka nguo, nilifungua chupa, nikatia kifuniko kimoja kwenye beseni la maji kama nilivyozoea kwa foronya, nikaloweka kila kilichotoka sokoni. Nilijua navunja sharti, ila nilijiona mlinzi wa nyumba, na mlinzi haombi ruhusa. Siku moja babu alilalamika kwamba kachumbari ina ladha ya foronya. Mama akanusa vidole vyake, akaomba radhi, akidhani ni mikono yake ya kazi. Nami nikacheka chini kwa chini. Leo nikikumbuka mama akiomba radhi kwa kosa langu, sicheki.

Jumanne moja gari la wagonjwa lilimchukua fundi baiskeli wa mtaa wa pili. Nililiona likipita, nikaenda kubadilisha maji ya ndoo ya mlangoni. Muda mfupi baadaye mama akarudi kutoka sokoni, akatua kikapu jikoni: nyanya, kabichi, machungwa na unga. Akaniambia nioshe mboga na matunda kwa maji, kisha akabeba furushi la shuka na kuondoka.

Siku hiyo kifuniko kimoja nilikiona hakitoshi. Nikatia viwili kwenye beseni la mboga. Bado sikuridhika. Kwenye rafu kulikuwa na chupa ya siki ambayo mama huitumia kutoa madoa ya kutu, nikajiambia kwamba vikali viwili vikichanganywa vitakuwa na nguvu maradufu. Nikamimina nusu kikombe. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi.

Harufu iliyopanda haikuwa ile niliyoizoea. Macho yaliniwaka, koo likabana, nikakimbilia uani nikitema mate. Nilikuwa bado nayafikicha macho nilipomsikia babu jikoni. Alikuwa ameingia kwa mlango wa ndani kufuata maji ya moto, akaanza kukohoa, na kile kikohozi hakikuomba ruhusa ya mtu. Nilivuta pumzi, nikaibana, nikaingia na kumtoa kwa mkono hadi barazani. Nikarudi mbio, nikafungua dirisha, nikamwaga maji yote, nikasuuza beseni mara tatu.

Babu alivuta dawa yake ya pumu. Kikohozi kilipungua lakini hakikuisha, na midomo yake ilikuwa imepauka. Mama aliporudi alimkuta amejiinamia kitini, mikono magotini, akihangaika na pumzi kiasi cha kushindwa kusema. Jikoni harufu ya dawa ilikuwepo bado, lakini nyumba ya dobi inanuka dawa siku zote, na pua ya mama ilishaacha kuisikia. Akanigeukia na kuniuliza imeanzaje.

"Sijui, mama. Ameanza tu," nikasema.

Yalikuwa maneno machache, na yalinichoma kuliko ile hewa.

Mama alipiga simu zahanati. Haukupita muda mrefu, nesi akafika na gari, amevaa barakoa mbili na aproni ndefu. Alimbana babu kidole kwa kipimo kidogo cha kuangalia oksijeni ya damu, akasoma, akakunja uso. Akauliza maswali mengi kwa sauti ya upole: mzee amekutana na nani, ana homa, amekula nini. Kisha akauliza kama leo amevuta moshi au dawa yoyote.

"Hapana, nesi," mama alisema. "Dawa iliyoko hapa ni ya kufulia, na leo sijaifungua kabisa."

Mama hasemi uongo. Nesi alimwamini, kama ambavyo mtu yeyote wa mtaa wetu angemwamini. Nikatazama miguu yangu.

Nesi akaeleza kwamba kwa kikohozi kile na umri ule, itabidi babu alazwe kwenye wodi ya wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa hadi majibu ya vipimo yatoke, siku mbili. Wodi imejaa, alisema, lakini hakuna njia nyingine. Nilielewa vizuri maana yake. Kifua kile nilichoapa kukilinda kingelala katikati ya wagonjwa, kikitibiwa kitu ambacho hakina, na aliyekipeleka huko ni mimi.

Babu aliinuka kwa shida, akaomba shati lake la vifungo na miwani. Mimi nilishika mfuko wake. Njia nzima kutoka barazani hadi getini nilikuwa napigana na nafsi yangu. Nilimwogopa mama. Niliogopa zaidi kwamba mtaa mzima utajua mtoto wa dobi, hodari wa vipimo, amempa babu yake sumu. Getini babu alisimama kupumzika, akaniwekea mkono kichwani, akasema kwa pumzi ya kuungaunga:

"Bibi Afya, nakuachia nyumba. Nakuamini."

Nikaweka mfuko wake chini.

"Nesi, usimpeleke," nikasema. "Si ugonjwa. Ni mimi. Niliosha mboga kwa dawa, nikatia na siki, babu akaingia jikoni akaivuta. Mama hajui. Nilimdanganya."

Sikuthubutu kumtazama mama. Nesi hakunigombeza, aliinama hadi macho yetu yakawa sawa, akaniuliza haraka haraka: vifuniko vingapi, siki kiasi gani, dirisha lilikuwa wazi, babu alikaa humo muda gani. Hapo ndipo kazi yangu iliponisaidia. Nilijibu yote kwa kipimo, bila kupunguza hata tone moja ili nionekane nafuu.

Mambo yakabadilika. Babu aliketishwa uani penye hewa, akavishwa kinyago cha dawa ya mvuke kilichotolewa kwenye gari. Nusu saa ikapita, namba za kile kipimo cha kidoleni zikaanza kupanda. Rangi ikarudi midomoni mwake, na muda si mrefu alikuwa ameshaanza kumuuliza nesi saa yake ilitengenezwa na fundi gani, maana inachelewa kwa dakika nne. Nesi alicheka, nami nikalia. Alimchukua babu kipimo cha ugonjwa ili kuwa na uhakika, na akakubali asubiri majibu nyumbani, chumbani mwake, peke yake.

Kabla ya kuondoka aliniita karibu na beseni.

"Sikiliza, mwanangu. Dawa ya kufulia ukiichanganya na siki inatoa hewa ya sumu. Usiichanganye na kitu chochote isipokuwa maji, hata sabuni ya kusafishia choo. Na chakula hakioshwi kwa dawa ya nguo, hata kifuniko kimoja, kwa sababu nyanya inaingia tumboni, shuka haiingii. Ugonjwa huu tunaambukizana zaidi kwa pumzi, tukikaribiana. Ukitoka sokoni nawa mikono kwa sabuni. Mboga na matunda sugua kwa maji safi yanayotiririka. Basi."

Mama alitupa vyote vilivyokuwa kikapuni, unga na vyote, na chupa ya dawa akaifungia kabatini. Akarudi kwenye ndoo zake hadi jioni. Nilingoja kofi la maneno, na lilikuja: sitapima dawa mpaka yeye mwenyewe atakaporidhika, na kwa wiki nzima nitamhudumia babu mlangoni kwake, barakoa usoni. Nilisema sawa, mama. Adhabu ilinistahili na sikuitafutia punguzo.

Siku ya tatu asubuhi nesi alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu. Babu hana ugonjwa. Mama alikaa chini palepale kwenye ndoo iliyofunikwa, akafuta macho kwa kanga yake iliyolowa sabuni. Nesi akaniambia nimlete babu barazani, nami nikamleta, amenishika bega, pumzi yake imetulia.

Kisha nesi akamwomba mama jambo. Alisema tangu ile video ianze kusambaa, watu watatu wameshafika zahanati wakiwa wameunguzwa koo na macho kwa kuosha vyakula kwa dawa. Alitaka kuwasimulia watu wanaosubiri kwenye foleni habari za nyumba yetu, ili wajifunze. Akaahidi kwamba hatataja ni nyumba ya nani.

Nilijikunyata. Nilifikiria wateja wa mama, na jina alilolijenga miaka yote kwa mikono yake.

Mama alisimama, akanivuta ubavuni kwake.

"Usifiche, nesi," alisema. "Ukificha watadhani ni hadithi ya kutunga. Waambie ni binti wa dobi, mimi ninayewafulia ninyi foronya. Waambie alichanganya dawa na siki, akanidanganya mimi mama yake. Halafu waambie kwamba babu yake alipokuwa anachukuliwa, alisimama getini akasema ukweli, na hakuna aliyemlazimisha. Kukosea hata mimi nakosea. Kujitokeza mwenyewe kabla mwenzako hajaumia zaidi, wakubwa wengi hatuwezi, na yeye ameweza. Waambie huyu ni mwanangu."

Nesi aliandika kwenye daftari lake. Babu alikuwa ananitazama, nami nilisimama wima nikimtazama.