Kishikio cha Bafuni

Kila siku fundi cherehani alifungua duka lake saa mbili asubuhi. Siku hiyo hakulifungua. Alikuwa bafuni kwake, amepiga magoti, anautazama ukuta.

Ukuta ulikuwa na vigae vyeupe toka chini hadi juu. Karibu na choo palikuwa na matundu mawili yaliyomeguka kingo. Hapo awali palikuwa na reli ya taulo. Mwezi uliopita mama mkwe wake aliteleza, akaidaka reli ile ili asianguke. Reli ikang'oka. Mama akaanguka nayo sakafuni, akavunjika nyonga.

Reli ile aliifunga fundi mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu. Mama mkwe alimwambia kutoka kitandani hospitalini, "Ni ajali tu, mwanangu." Maneno hayo yalimchoma zaidi kuliko matusi.

Sasa mama alikuwa anarudi nyumbani. Angefika kesho yake saa nane mchana. Muuguzi alikuwa amewaambia waziwazi, "Wekeni kitu imara cha kushikia bafuni. Akianguka tena, huenda asitembee maisha yake yote."

Fundi alinunua kishikio cha chuma, akaazima mashine ya kutobolea.

"Tumuite mtu anayeijua kazi hii," mkewe alisema akiwa mlangoni.

"Niliharibu mimi. Nitatengeneza mimi."

"Baba watoto, huu si wakati wa kuonyesha ubingwa."

Aliweka alama mbili za penseli kwenye kigae, akabonyeza mashine. Biti, yaani kile chuma chembamba kinachotoboa, iliteleza juu ya kigae na kuchora mstari mrefu. Akairudisha. Safari hii aliegemea kwa nguvu zake zote. Mashine ikanguruma, ikagongagonga. Kigae kikatoa mlio wa kupasuka. Ufa ukapanda toka chini hadi juu. Kipande kidogo kikaruka na kumkata chini ya jicho.

Mkewe alimkandamiza kitambaa usoni.

"Funga jicho hilo jingine. Unaniona?"

"Nakuona."

"Vidole vingapi?"

"Vitatu. Niache nimalize."

Alikwisha kuinua mashine tena, akailenga alama ya pili, mlango wa mbele ulipogongwa. Aliingia jirani yao, mwanamke aliyebandika vigae kwenye nyumba za watu kwa miaka ishirini. Mtaa mzima ulimwita Mama Rula, kwa sababu rula haikutoka mfukoni mwake hata akienda sokoni.

"Vikombe vyangu vinacheza kabatini," alisema. "Nikaona nije niulize, mnatoboa kigae au mnachimba kisima?"

Hakuna aliyecheka. Mama Rula akaona damu. Akaona ufa. Kisha akaona swichi ya kuchemshia maji, ukutani kando ya mlango, kwa kimo kile kile cha pale mashine ilipoelekezwa. Sauti yake ikabadilika.

"Shemeji, toa kidole kwenye hiyo mashine. Polepole. Iweke chini."

Fundi akaiweka.

"Waya wa swichi hii unapita wapi?"

"Ndani ya ukuta."

"Najua. Ndani ya ukuta, wapi?"

"Sijui," fundi alisema.

Mama Rula alikwenda kuzima swichi kuu ya nyumba nzima, akarudi, akajaribu taa kuhakikisha umeme umezimika kweli. Akavaa miwani ya kazi na glovu. Akakwangua saruji iliyokuwa kando ya kigae kilichopasuka, akakigonga kwa patasi ndogo kuanzia katikati, akakitoa vipande vipande. Plasta kidogo ikadondoka nacho.

Nyuma yake kulikuwa na bomba jembamba la plastiki. Ndani yake mlipita waya wa umeme.

Mama Rula alichukua kipande chenye alama ya pili ya penseli, akakirudisha mahali pake. Akaweka kidole kwenye alama, kisha akakitoa kipande. Kidole kilikuwa juu ya bomba lile.

Fundi alikaa juu ya choo kilichofunikwa.

"Ningekufa," alisema.

"Na mkeo angekukimbilia kukushika," Mama Rula alisema. "Mngekuwa wawili."

Mke wa fundi alitoka bafuni. Walimsikia akivuta pumzi nzito ukumbini.

Fundi wa umeme aliitwa. Alifika mchana, akaukagua waya, akakuta haujaguswa. Alikuwa na kifaa kinachotafuta nyaya na mabomba yaliyofichwa. Alikipitisha kwenye ukuta wa upande wa pili wa choo. "Hapa ni salama," alisema. "Hakuna kitu."

"Basi kishikio kitahamia hapo," Mama Rula alisema. "Na kumbukeni. Waya mara nyingi hupita wima au mlalo kutoka kwenye swichi. Bomba la maji ni hivyo hivyo kutoka kwenye koki. Njia hizo tusizitoboe. Ukiwa na shaka, muulize mwenye kifaa."

Ilibaki kuziba lile pengo, maji yasiingie ukutani. Walikuwa na kigae kimoja tu cha akiba, nacho kilikuwa kipana mno kwa kona ile.

"Wewe unashona suti," Mama Rula alimwambia fundi. "Kitambaa unakikata bila kupima?"

"Napima mara mbili."

"Kigae nacho hivyo hivyo. Ila kitambaa kikikosewa, unashona kaptula. Hiki kikikosewa, hatuna kingine."

Kwanza alimfanyisha mazoezi kwenye vipande vilivyovunjika. Fundi akavaa miwani ya kazi. Akaweka rula, akakwaruza mstari mmoja mrefu kwa kikatio cha vigae, mara moja tu, bila kurudiarudia. Akaweka mstari juu ya msumari uliolala mezani, akabonyeza pande zote mbili kwa usawa. Kipande cha kwanza kilivunjika ovyo. Cha pili kilikatika vizuri. Cha tatu pia.

Kisha akachukua kigae cha akiba. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kidonda. Akakwaruza. Akabonyeza. Kikalia tak, kikakatika kama mkate. Mkewe, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, alishusha mabega.

Walipomaliza kukibandika, bafu lilikuwa na kiza.

"Tutoboe sasa," fundi alisema.

"Kwa macho gani?" Mama Rula aliuliza. "Kesho saa nne nitakuwa hapa."

Kesho yake alikuja na mashine ya betri, sifongo lenye maji, na biti ambayo ncha yake ilikuwa kama mkuki.

"Jana ulitumia biti ya zege," alisema. "Tena uliiacha mashine kwenye alama ya nyundo, ndiyo maana iligonga. Kigae hakitaki kugongwa. Hariri unaishona kwa sindano ya jinzi?"

"Hapana."

"Basi."

Walizima tena swichi kuu. Mama Rula alibandika utepe wa karatasi juu ya kigae ili biti isiteleze. Wakapima, wakaweka alama nne, mbali na kingo za vigae. Fundi akashika mashine. Akaanza taratibu sana, bila kuegemea, huku mkewe akilowesha mahali pale kwa sifongo ili biti isipate moto. Kigae kilipotoboka, Mama Rula akabadilisha biti, akaweka ile ya zege, wakaendelea ndani ya tofali. Tundu la kwanza likatoka safi. La pili pia.

Kwenye la tatu biti ilianza kulia. Fundi akahisi mikono yake inataka kusukuma.

"Usisukume," Mama Rula alisema. "Simama. Maji. Anza tena."

Simu ikaita. Mkewe aliipokea, akasikiliza, akaikata.

"Wamemruhusu mapema," alisema. "Mama yuko njiani."

Fundi alitazama tundu la tatu lililofika nusu, na alama ya nne ambayo haijaguswa. Akaongeza kasi ya mashine. Mama Rula akamwekea mkono begani.

"Mwache asubiri sebuleni," alisema. "Kukaa kwenye kiti hakuvunji nyonga."

Fundi alipumua. Akapunguza kasi. Tundu la tatu likapita. La nne lilichukua dakika tano, na zilikuwa dakika ndefu kuliko mwezi mzima uliopita. Wakaingiza vijibomba vya plastiki vya kushikia skrubu, wakafunga kishikio, wakakaza kila skrubu.

"Sasa jining'inize," Mama Rula alisema.

Fundi alining'inia kwa uzito wake wote. Akavuta chini, akavuta mbele. Mkewe akavuta naye. Kishikio hakikutikisika hata kidogo.

Gari lilisimama nje.

Mama aliingia akitembea taratibu kwa fremu ya kutembelea. Fundi alimwamkia, akampeleka hadi bafuni, akasimama karibu naye kabisa, mikono tayari. Mama alikitazama kishikio kwa muda. Hakuuliza nani amekifunga. Aliachia fremu, akakishika kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Akakaa. Akajivuta. Akasimama wima peke yake, bila mtu kumgusa.

Akarudia mara ya pili.

"Mkwe," alisema, "hiki nacho kimefungwa, au kimeota humu ukutani?"

Fundi aliirudisha fremu karibu na mkono wake.

"Haya, tokeni wote," mama alisema. "Wiki nne nimeogeshwa kama mtoto. Leo naoga mwenyewe."

Wakatoka. Fundi akaurudisha mlango. Alibaki hapo, akisikiliza, hadi maji yalipoanza kumwagika na mama akaanza kuimba kwa sauti ya chini.