Mama Seifu Akubali Kulazwa

Kila alfajiri, katika nyumba moja ya wapangaji huko Kariakoo, Siwema, ambaye majirani walimwita Mama Seifu kwa jina la mwanawe wa kiume, alimwamsha binti yake, Tatu. Alimwogesha, akamfunga khanga, akamlisha uji kwa kijiko. Ndipo alipotoka kwenda barazani kukaanga vitumbua vyake vya biashara.

Tatu alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Uso wake ulikuwa wa mviringo, macho yameinuka kidogo pembeni, na maneno yake yalitoka polepole. Wageni walipobisha hodi, mama yake alimrudisha chumbani na kushusha pazia. Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa macho ya watu.

Kisha tumbo la Siwema likaanza kuuma. Daktari aliona uvimbe, akamtaka alazwe ili apasuliwe. Siku ya kulazwa ikafika. Siwema akabaki barazani, anageuza vitumbua.

Klara, muuguzi aliyepanga chumba cha pili, alimkuta hapo alipotoka kazini.

"Shikamoo, Mama Seifu. Si ulikuwa ulazwe leo?"

"Marahaba, mwanangu. Nikilazwa, Tatu atalishwa na nani?"

"Na usipolazwa, ukatutoka?"

Kitumbua kikaungua karaini, Siwema asikione.

"Kila siku namwomba Mungu," akasema mwishowe, "yeye atangulie, mimi nimfuate."

Klara akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Mama, Tatu hakulaaniwa, wala wewe hukukosea kitu ulipokuwa na mimba yake. Watoto wa namna hii huzaliwa kila nchi, kwa matajiri na kwa maskini. Madaktari huiita hali ya Down. Haina dawa, kwa hiyo usihangaike tena kwa waganga. Lakini mwenye hali hiyo hujifunza. Huchukua muda tu."

"Huyu? Hata kijiko hajui kushika!"

"Umewahi kumwachia?"

Siwema alifikiri. Kila mara Tatu aliponyosha mkono, yeye alikuwa amekwisha kumwahi.

Akakubali, na Klara akamwombea siku nyingine ya kulazwa, mwezi uliofuata. Wakaanza na jambo moja, kijiko. Tatu alipokizoea, wakaendelea na khanga. Uji ulimwagika. Khanga ilidondoka uani. Siwema akaruka kusaidia.

"Mikono nyuma, mama!" Klara akamwambia.

Wapangaji wakacheka. Siwema naye akacheka, akavikalia viganja vyake. Tatu akaiokota khanga, akaifunga tena.

Jumapili moja alikuja Seifu, kaka yake Tatu, kuli wa bandarini.

"Mama akilazwa, huu mzigo nitaubeba mimi," akasema.

"Usimwite mzigo, naye anakusikia," Klara akamjibu. "Muulize mwenyewe."

Seifu akaona haya. Akachuchumaa mbele ya dada yake. "Tatu, unataka kukaa wapi?"

"Hapa," Tatu akasema. "Na vitumbua."

"Basi mimi ndiye nitakayehamia huku, nile vitumbua bure."

"Ulipe!"

Uani kote wakaangua kicheko. Siku hiyohiyo wakapanga. Seifu angelala pale. Wanawake wa nyumba wangekaanga kwa zamu, na Tatu angewapa wateja vitumbua. Klara angempeleka kupimwa moyo, macho na masikio, kwa kuwa wenye hali yake huweza kusumbuliwa na viungo hivyo.

"Si kwa mwezi huu tu," Klara akawaambia. "Ni kwa maisha yake yote. Ujamaa wetu uanzie hapa uani."

Siwema akalazwa, akapasuliwa salama. Saa ya kuwaona wagonjwa, Tatu aliingia wodini na kaka yake. Khanga aliifunga mwenyewe, fundo limekwenda upande. Mama akanyosha mkono alirekebishe, kisha akaurudisha chini ya shuka.

"Na barazani je?" akauliza.

"Tatu anauza," Seifu akasema. "Pazia tumelitoa. Wateja wanamwita kwa jina."

Tatu akafunua bakuli la uji. Siwema, bado mnyonge, akafumbua mdomo na kusubiri. Lakini Tatu alikiweka kijiko katika kiganja cha mama yake, akavikunja vidole vya mama juu ya kijiko hicho, kimoja kimoja.

"Shika mwenyewe, mama," akasema polepole.

Kisha akasimama wima kando ya kitanda, mikono yake nyuma.