Diski Mbili za Harusi ya Aneth

Mlandizi hakuna harusi isiyopigwa video, na nyingi hupita mikononi mwa Vailet. Studio yake ni chumba kimoja, jirani na wauza nyanya. Asubuhi anafagia, anawasha kompyuta, anaenda kununua chapati. Akirudi, kompyuta bado inajiwasha. Kompyuta gani hiyo, jamani!

Wiki ile kazi ilikuwa ya nyumbani. Mdogo wake, Aneth, alikuwa anaolewa Jumamosi. Bibi yao, Benedikta, yuko Kibuta, na miguu haimruhusu kusafiri. Vailet alimfuata huko, akamrekodi akimbariki mjukuu wake. Baraka hizo zilitakiwa zionyeshwe ukumbini, pamoja na video ya sherehe ya kumuaga bibi harusi.

"Dada, bila maneno ya bibi mimi siingii ukumbini," Aneth alisema. Hakuwa anatania.

Kwenye sherehe hiyo kamera zilikuwa tatu, maana kila shangazi alitaka aonekane akicheza. Vailet akizifungua video zote tatu pamoja, kompyuta inakwama. Shangazi anainua mguu, mguu unaganda hewani. Vailet alicheka, kisha akataka kulia. Siku zilikuwa zinakwisha.

Akampigia Nuria, fundi kompyuta wa Kibaha. Nuria akaja, akafungua mashine.

"Dada, diski yako ni ya zamani, ile inayozunguka. Haiwezi kutoa video tatu kwa mpigo."

"Ninunue kubwa zaidi?"

"Ukubwa ni nafasi, siyo mwendo. Tuweke SSD, diski ya kisasa. Hiyo haina kitu kinachozunguka ndani. Tena tuweke mbili, tuziunganishe zifanye kazi kama diski moja."

"Mbili za nini?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Kila faili linakatwa vipande vidogo. Kipande hiki kinakaa diski ya kwanza, kinachofuata kinakaa ya pili. Ukilifungua, zote mbili zinatoa vipande wakati mmoja. Kasi inaweza kukaribia mara mbili."

Nuria akafunga SSD mbili mpya, akaziunganisha. Vailet akahamishia video zake humo, akabonyeza. Lo! Shangazi wakacheza bila kukwama. Vailet naye akainuka, akacheza nao.

"Nuria, umenifufua! Hii diski kuukuu sasa naifuta, nimpe jirani."

"Acha, dada! Nakala yako itakuwa wapi?"

"Si SSD ziko mbili? Moja ikifa, nyingine ipo."

"Hapana! Kila moja ina nusu tu ya vipande. Moja ikifa, kazi yote imepotea. Hapa tumepata mwendo, usalama hatujapata. Diski ya zamani itunze nakala. Kila jioni, nakili kazi yako humo."

"Mbona unanichosha?"

"Akiba haiozi, dada."

Vailet akanung'unika, lakini jioni akanakili.

Ijumaa asubuhi, SSD moja ikafa. Mpya kabisa! Video zote hazifunguki. Vailet akashika kichwa. "Bibi yangu, jamani!"

Nuria akaja mbio na SSD nyingine. Akaiunganisha na ile iliyobaki nzima, zote mbili zikawa tupu. Kisha wakarudisha kila kitu kutoka kwenye diski ya zamani. Ilikwenda polepole, lakini bibi alikuwemo, mzima, na kitenge chake. Vailet akamkumbatia Nuria mpaka miwani ikaanguka. Kufika jioni, filamu ilikuwa tayari, na nakala yake ipo pembeni.

Jumamosi, bibi Benedikta akatokea kwenye skrini ya ukumbi. "Aneth, mjukuu wangu, nenda ukajenge nyumba yako. Mungu awatangulie."

Aneth akapiga magoti palepale mbele ya skrini, na gauni lake jeupe. "Asante, bibi."

Vigelegele vikalipuka. Vailet alikuwa ameshika simu, bibi yuko hewani kutoka Kibuta.

"Umesikia, bibi? Amepiga magoti!"

"Nimesikia," bibi akajibu. "Haya, mwambie ainuke. Atachafua gauni."