Tundu Karibu na Bambu

“Ni weye ulifunga ile tundu,” Félicité alisema. “Usikatae.”

“Nilifunga juu picha ilikuwa mubaya,” Hippolyte alijibu. “ Wakubwa wanaomba vilima, hawaombi matundu. Sasa nani ameifungua tena? Funguo ya biro iko na weye.”

“Miye najua kufagia na kuandika namba tu. Kompyuta yako inakuogopesha, unaanza kunitafutia makosa.”

Hippolyte hakucheka. Vita ilikuwa imefunga barabara za Djugu, na kazi ya biro yao, ofisi ndogo ya mji wa Bunia, ilikuwa kuchora vilima vya huko kwenye kompyuta, kwa programu ya R, kutokana na vipimo vya urefu walivyoleta wapimaji. Kilikosekana kipimo kimoja tu, karibu na mji wa Bambu, hukohuko Djugu. Michel, kaka yake Félicité, alikwenda kukichukua na hakurudi. Mahali pake kwenye picha palibaki tundu jeusi.

Hippolyte aliandika namba ya kubahatisha ili kulifunga, akapaka rangi ya majani mabondeni na kahawia juu, akaongeza kivuli, na mlima ukapendeza. Félicité alipouona alilia. Nyumbani mama yao bado alikuwa akimwekea Michel sahani, na hapa mtu alikuwa amemfukia bila kilio.

Sasa tundu lilikuwa limerudi. Hippolyte alikagua namba zote, hakuna iliyobadilika. Akachora upya. Tundu halikuwa tena Bambu, lilikuwa limeshuka bondeni, upande wa Bunia. Akageuza pembe ya picha ili mlima ulifiche, lakini vilima viligeuka na lenyewe halikugeuka, likabaki linawatazama, akachora tena na tena na kila mara lilikuwa karibu zaidi na mji, hata harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikajaa chumba ambacho madirisha yake yalikuwa yamefungwa, na juu ya mlio wa jenereta wakasikia chuma kikiburutwa kwenye changarawe ya uwanja, polepole, kama Michel alivyozoea kuburuta fimbo yake ya kupimia akichoka.

Félicité alisimama. “Ni kaka.”

Hippolyte alimkamata mkono. “Ngoja,” alinong’ona. “Kama ni yeye, ataita kwanza jina yako.”

Jenereta ilizimika. Mlango uligongwa, na sauti ya Michel ikasema, “Hippolyte, fungua. Nimeleta namba ya pahali niko.”