Ngo Ngo Chini ya Boti

Mke alikuwa ameshika usukani, boti ikijivuta polepole kuingia bandari ya jiji, aliposikia mumewe akimgongea kutoka chini kwenye injini. Ngo, ngo.

Ndiyo ilikuwa ishara yao. Injini ile ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, na sikio moja la mume lilikwisha kazi zamani, kwa hiyo ndani ya boti waliitana kwa kugonga sakafu. Mara moja, simama. Mara mbili, njoo. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa wavivu wa kuinuka, anayeitwa naye hugonga mara mbili kwa kisigino: njoo wewe. Waliweza kubishana hivyo mpaka chai ikapoa.

Akainua kisigino, akajibu. Njoo wewe.

Ndipo akamwona mumewe mbele kabisa, chini ya mlingoti, kamba mkononi.

"Umenigongea?" akamwuliza kwa sauti.

"Nikugongee kwa mguu gani, nami niko huku? Angalia mbele, mama watoto, utapasua boti za watu!"

Akaangalia mbele. Hakuwa na nafasi ya kufikiria vishindo. Binti yao alikuwa amejifungua, mjukuu wao wa kwanza, na safari nzima ilikuwa ya kwenda kumbeba. Angepanda basi angekuwa ameshambeba siku nyingi. Ila mume alishikilia kwamba wataingia jijini kwa tanga lao, kama walivyoahidiana ujanani, naye akakubali kwa kuchoka kubishana.

Walifunga boti gatini, na hawakushuka.

Kwanza maji yalijaa chini ya sakafu. Mume akayavuta kwa pampu, yakarudi. Halafu mlango wa chumba ukagoma kufunguka, ikabidi waung'oe bawaba. Alipotaka kuvaa gauni la kwendea kwa mjukuu, alilikuta limelowa kabatini, linanuka tope la chini kabisa, tope ambalo halijawahi kuona jua. Akalifua, akalianika, akalikuta tena kabatini, limelowa vilevile.

"Boti haina tundu," mume alisema, amelala kifudifudi na tochi yake. "Nimeikagua yote."

"Sasa maji yanaingiaje? Yanapiga hodi?"

Kwa kawaida angecheka. Safari hii aligeuza tochi, akaanza kukagua upya.

Simu ikalia. Alikuwa binti.

"Mama, mlingoti wenu nauona hapa dirishani. Mbona hamji? Mtoto ataanza kutembea hamjafika."

"Muulize baba yako na pampu yake. Mimi nimeshavaa na kuvua mpaka nimechoka."

"Mwacheni basi huyo mgeni wenu alinde boti."

"Mgeni gani?"

"Huyo aliyekaa penye usukani. Tangu asubuhi hajageuza shingo, Mama. Anaangalia huku kwangu."

Ulikuwa mchana, jua limesimama kichwani, watu wanapita gatini na mizigo yao, na mke alipochungulia nje hakuona mtu yeyote, ila kiti cha usukani kilikuwa kimelowa chapachapa wakati mbao zote zilizokizunguka zilikuwa kavu na za moto, na maji yale hayakuwa yakitiririka kwenda chini kama maji yanavyotakiwa, bali yalikuwa yakisogea taratibu, yakifuata ubao mmoja baada ya mwingine, kuelekea upande wa gati, upande wa majumba, upande wa dirisha la binti yake.

Akarudi ndani. Chini yake pakagongwa. Ngo, ngo.

Mume, mikono ndani ya injini, akainua spana ili ajibu.

Mke alimdaka kifundo cha mkono. "Usijibu," akanong'ona.

"Si wewe unayeniita?"

"Mimi niko mbele ya macho yako, baba watoto."

Mume alitazama sakafu, kisha akamtazama yeye. "Mara zote hizi nilizokuwa najibu..."

"Hata mimi nilijibu. Tulimkaribisha wenyewe." Woga ulikuwapo, lakini hasira ilikuwa imeupita. Kubeba mjukuu tu, jambo dogo kiasi hicho! Akamnyang'anya spana, akapiga magoti, akatwanga sakafu mara moja kwa nguvu zake zote. Simama!

Maji yakatulia. Harufu ikapungua. Boti ikainuka kidogo, kama gari lililoshusha abiria mnene.

Hawakusubiri. Alivaa gauni bichi hivyo hivyo, wakashuka karibu kwa kukimbia.

Nyumba ya binti ilikuwa ghorofani, chumba kimoja chenye nepi kila mahali. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake cha mbao, macho makavu, hana hata dalili ya usingizi. Bibi aliinama kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu waanze safari mabega yake yakalegea.

"Ulimwambia nini?" mume akamnong'oneza sikioni.

"Simama."

"Simama si ondoka. Ungemwambia aende zake."

"Nenda zako tunagonga mara ngapi?"

Katika ndoa yao yote hawakuwahi kuwa na ishara hiyo.

Kitandani mtoto alirusha mguu. Kisigino kikapiga ubao. Ngo. Kikapiga tena. Ngo.

"Mwone!" binti akacheka. "Kisigino cha bibi yake kabisa!"

Wazee hawakucheka. Walikuwa wakisikiliza. Chumba kilianza kunuka tope, na kutoka chini ya kitanda, kwenye sakafu ya saruji, jibu likaja bila haraka, kama la mtu aliyezoea kuitwa. Ngo, ngo. Njoo wewe.

Mtoto aligeuza uso kuufuata mlio, akainua tena mguu. Bibi alikidaka kile kisigino kwa viganja vyote viwili kabla hakijagonga.

Kilikuwa kimelowa.