Kisima cha Tisa

Kipimio kililia kwenye mita kumi na moja, na Bertin, fundi wa vipimo, akakunja uso. Asubuhi, katika kisima hicho hicho chembamba, maji yalikuwa mita kumi na nane chini. Mji wa Likasi haukuwa umepata mvua tangu Aprili.

“Rudia,” alisema Henriette, mhandisi aliyesimamia uchunguzi wa sumu kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani cha shaba, huko Panda.

Bertin akateremsha tena utepe wa kipimio, wenye ncha ya chuma inayolia ikigusa maji. Mita tisa.

“Labda kimeharibika.”

“Hapana, madame. Kwa bisima bingine iko napima muzuri.”

Henriette hakuwa mtu wa kupeleka udongo mbali na kungoja majibu miezi mitatu. Alipima papo hapo, jioni akaketi na wakazi wa kambi ya jirani mbele ya ramani, na kesho yake walichimba pale matokeo yalipoelekeza. Katika kikao cha juzi Mama Colette, kiongozi wa kikundi cha maombi, ndiye aliyewaeleza kwamba chini ya tope la asidi lililoachwa na kiwanda kulikuwa na chemchemi.

“Lakini musipige shimo pale,” alisema. “Bakubwa balisema ile mayi iko na mwenyewe.”

Henriette alimshukuru kwa heshima, kisha akatia alama ya kisima cha tisa hapo hapo kwenye ramani. Kama sumu ilikuwa na njia ya kufikia visima vya watu, njia ilikuwa hiyo.

Sasa wakashusha kichoteo. Kikarudi kikavu, na pamoja nacho ikapanda harufu ya nywele zilizolowa siku nyingi. Wakapima. Mita tano.

Bertin akapiga magoti, akaweka sikio mdomoni mwa bomba.

“Kuko muntu mule,” alinong’ona. “Mwanamuke. Iko naita jina yangu.”

“Bertin, toka pale.”

“Anajua jina yangu, madame.”

Henriette alimshika bega ili amvute, lakini bega lilikuwa baridi na zito kama la mtu aliyeopolewa mtoni, na kipimio kilichokuwa kimelala kwenye nyasi kavu, bila kugusa chochote, kikaanza kulia peke yake, mfululizo, huku maji ya kijani yakichuruzika kutoka katika mikono ya shati la Bertin, na kinywa chake kikifunguka taratibu, na sauti ya mwanamke ikitoka humo bila midomo kutikisika:

“Nani alibambia bafungue mulango yangu?”

Henriette alipiga kelele. Mama Colette alikuja mbio, unga wa mahindi bado mikononi. Akamwekea Bertin kiganja kichwani, akaomba kwa Jina la Yesu mpaka jasho likamtiririka, lakini maji hayakukoma.

“Omba ruhusa, Henriette,” alisema hatimaye, akihema. “Ni weye ulifungua.”

Henriette akapiga magoti matopeni.

“Tulikosa, mama,” alisema kuelekea shimoni. “Tuliingia bila kubisha. Utusamehe. Tutafunga.”

Kipimio kikanyamaza. Bertin akatapika maji ya kijani, mara tatu, kisha akalia kama mtoto. Hawakupoteza muda: wakakoroga saruji, wakaijaza bombani hadi juu, na Henriette akafuta kisima cha tisa kwenye ramani kwa mkono wake mwenyewe.

Walimlaza Bertin ofisini, katika kontena la chuma lililochemka kwa jua la saa nane. Mama Colette akamnywesha uji. Rangi ikamrudia usoni, akatabasamu, na Henriette, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavuta pumzi hadi mwisho.

“Unajisikiaje?” alimuuliza.

“Muzuri, madame.” Bertin alitazama juu ya bega la Henriette, akasogea kitandani kwa adabu. “Lakini mupatie ule mama mwingine kiti. Amesimama nyuma ya mugongo yako tangu tuliingia.”

Henriette hakugeuka. Tone la maji baridi lilimwangukia shingoni, kisha la pili.