Kidumu cha Mawese na Injini ya Babu

Kila siku akitoka shule, Emelyne alikuwa na safari tatu za kwenda ziwani: ndoo ya maji ya kupikia, ndoo ya bibi ya kuogea, na ndoo ya mbuzi. Miezi mingine angekuwa pia na dagaa wa kuanua mchangani. Lakini ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi ili samaki wapate kuzaliana, na kijiji chote cha Kapalamsenga kilikuwa kimetulia. Wanaume walishona nyavu, wakaziba mitumbwi iliyovuja na kubishana habari za mpira. Zilibaki siku tisa tu ziwa lifunguliwe.

Jumatatu moja, Emelyne alipotua ndoo ya tatu, aliwakuta bibi yake Athanasie na baba mdogo Révérien wamesimama mbele ya banda la kuku. Chini, katikati yao, kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa wavu mkuukuu. Ilikuwa injini ya mtumbwi ya marehemu babu.

"Mama, hiki sasa ni chuma tu," alisema Révérien. "Jumamosi lori la vyuma chakavu linakwenda Mpanda. Tukipakie, kuku wapate nafasi."

"Hicho unachokiita chuma ndicho kilichokulea," alijibu bibi. "Imelala miaka kumi na mmoja. Hata mtu akilala, humziki kabla hujamwamsha."

Révérien alicheka, akashika kiuno. "Haya, mama. Nakupa mpaka Ijumaa jioni. Ikiunguruma, nitaifunga mtumbwini mimi mwenyewe, tuache kupiga makasia. Isipounguruma, Jumamosi inapanda lori, na usinilaumu."

Bibi akamgeukia Emelyne. "Mke mwenza, kamwite fundi Yunus. Mwambie huyu mume wetu wa chuma ameacha kazi, aje amkumbushe."

Fundi Yunus alikuwa mzee mwembamba aliyetengeneza injini za mitumbwi tangu ujana wake. Alikuja na boksi la spana na mjukuu wake Shadia, aliyesoma darasa la sita pamoja na Emelyne. Alipofungua kifuniko cha injini, wa kwanza kutoka alikuwa panya, akafuatwa na watoto wake wanne. Shadia alipanda juu ya kinu.

"Ndiyo maana haiwaki," alisema fundi. "Abiria wamezidi."

Emelyne aliomba kushika spana, naye fundi akamkubalia. Siku hiyo walichomoa plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha moto ndani ya injini, nayo ilikuwa nyeusi kama mkaa. Fundi akamimina oili kidogo kwenye tundu lake, akasema iachwe ilainishe vyuma vilivyogandana. Jumanne alishika gurudumu la juu, akalisukuma polepole. Halikwenda. Akasukuma tena, na likazunguka kwa mlio mdogo kama wa mlango wa zamani.

"Umesikia?" alimwuliza Emelyne. "Huyo si maiti."

Jumatano waliondoa udongo wa nyigu kwenye matundu ya maji, wakatia mpira mpya wa pampu ulioletwa kwa basi kutoka duka moja la Kashaulili, mjini Mpanda, wakafungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ndani, petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gundi. Emelyne aliisugua kwa mswaki mpaka vidole vikauma. Shuleni, alipoulizwa na mwalimu mbona kucha zake ni nyeusi, alijibu kwa fahari kwamba ni kazi ya ufundi.

Alhamisi fundi alimwita. "Kesho tunajaribu. Kanunue petroli. Chukua kidumu kisafi, kilichokauka kabisa. Nimesemaje?"

"Kilichokauka kabisa, babu."

Kidumu kisafi kilikuwa kimeazimwa na Prisila, jirani wa ng'ambo ya shamba la mihogo. Kwenda huko na kurudi kungechukua muda, na uwanjani wenzake walikuwa wameshagawana timu za kucheza rede. Jikoni kulikuwa na kidumu kilichoishiwa mawese. Emelyne alikikimbiza ziwani, akatia maji, akakitikisa mara mbili, akayamwaga. Kilikuwa bado na unyevu, na ndani kingo zake zilikuwa na wekundu.

"Mafuta yanaingia kwenye chombo cha mafuta. Kuna shida gani?" alijisemea.

Akanunua petroli, akaiweka mbali na jiko kama alivyofundishwa, akawahi rede.

Ijumaa mchana ua wa bibi ulijaa watu kana kwamba kuna harusi. Injini ilifungwa kwenye ubao, mguu wake ukiwa ndani ya pipa la maji, kwa sababu injini ya namna hiyo hupoozwa na maji na ikiwashwa kavu huungua. Fundi alichanganya petroli na oili, akajaza tangi, akavuta kamba. Kimya. Akavuta ya pili. Kimya.

"Mzee, imekuuliza jina?" alitania kijana mmoja.

Fundi akavuta ya tatu. Injini ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikanguruma mpaka kuku wakaruka. Maji yakatibuka pipani. Bibi alipiga vigelegele, akaanza kucheza na mwiko mkononi.

Hakumaliza hata mzunguko mmoja. Injini ilikwama, ikapiga chafya mbili, ikazima. Fundi alivuta kamba mpaka jasho likamtiririka. Akasafisha plagi, akavuta tena. Hakuna kitu. Mwishowe aliketi juu ya boksi lake.

"Nadhani kabureta imeliwa na kutu kwa ndani," alisema taratibu. "Ya aina hii siku hizi hata Mpanda huipati. Nisamehe, Athanasie."

Révérien hakushangilia. Aliangalia chini, akasema, "Basi kesho nitaipeleka kwenye lori."

Bibi aliuokota ule wavu mkuukuu, akaanza kuukunjua ili aifunge tena.

Emelyne alikitazama kidumu kilichosimama kando ya pipa. Akisema, fundi hatamshikisha spana tena, na Shadia atamcheka mpaka wamalize shule. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Kila mtu ataamini kwamba injini ya babu ndiyo iliyoshindwa. Akaiona mikono ya bibi ikihangaika na fundo la wavu.

"Bibi, usiifunge," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Usiifunge. Babu Yunus, kabureta haina kosa. Kosa ni langu. Petroli niliitia kwenye kidumu cha mawese. Nilikisuuza tu, sikukikausha. Nilikuwa nawahi rede."

Révérien alifungua mdomo, bibi akamwinulia mkono. "Mwache, amalize kusema."

"Nimemaliza," alisema Emelyne, machozi yakimlengalenga.

Fundi Yunus hakugomba. Aliomba chupa ya maji iliyokuwa tupu, inayoonyesha ndani, akachota mafuta yaliyokuwa chini kabisa ya tangi, akaisimamisha chupa juani. Wote waliinama kutazama. Baada ya muda mfupi petroli ilipanda juu, na chini yake pakabaki maji, na chini ya maji chembe nyekundu za mawese zimetuama kama ukoko wa sufuria.

"Kumbe," alisema fundi. "Nilikuwa namtibu mgonjwa asiyeumwa. Révérien, panda baiskeli ukalete petroli, kwenye chombo kikavu. Wewe Emelyne, keti hapa. Kabureta utaifungua mwenyewe."

"Mimi?"

"Aliyeichafua anajua alichoweka."

Emelyne alifungua skrubu moja moja, akizipanga juu ya kanga kama alivyofundishwa. Shadia alichuchumaa karibu yake.

"Ulikimbilia rede, na bado tuliwafunga," alinong'ona, kisha akachukua kitambaa akaanza kukausha vyuma pamoja naye.

Jua lilikuwa bado juu Révérien aliporudi akihema. Walirudishia kabureta, wakasafisha tangi, wakajaza mafuta mapya. Safari hii fundi alimkabidhi Emelyne mpini wa kamba. Alivuta kwa nguvu zake zote, akaanguka kwa makalio, na alipokuwa bado chini injini ikanguruma. Ikaendelea kunguruma. Bibi alicheza mzunguko mzima, akaongeza wa pili, na kijana yule mtani akalazimishwa kucheza naye.

Révérien aliibeba injini begani hadi ufukweni, akaifunga mtumbwini. Walivaa maboya ya kuokolea, wakaingia: bibi, fundi, Emelyne na Shadia, na Révérien nyuma kwenye usukani. Mtumbwi ulipasua maji, watoto wakakimbia nao kandokando ya ufukwe mpaka wakachoka.

Fundi Yunus alipaza sauti ili asikike. "Nyie wajukuu, nisikilizeni. Kutu nina dawa yake, plagi nina spana yake. Lakini kosa lililofichwa sina cha kulifungulia. Emelyne, jana ulifanya uvivu, na uvivu wako ulikaribia kuipandisha lorini injini nzima. Leo umesema kweli mbele ya watu, tena hakuna aliyekuuliza. Uvivu uache. Huo ukweli, uendelee nao. Na Jumatatu ukitoka shule njoo kwangu, kuna injini nyingine inakusubiri."

"Nitakuja na kidumu kikavu, babu," alisema Emelyne, na wote wakacheka.

Bibi Athanasie alikuwa ameketi mbele, kilemba kikipepea. Aligeuza shingo.

"Fundi, umemaliza mafunzo?"

"Nimemaliza."

"Basi, Révérien, mbona unatuendesha kama umebeba mayai? Ongeza mwendo."